KINGA NI KUZUIA, KINGA NI KUPOKEA: JINSI MWILI UNAVYODHIBITI MZIO WA NGOZI UTOKANAO NA METALI

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna mfumo wa kinga ya mwili unavyozusha, na hasa unavyodhibiti, mzio wa ngozi utokanao na metali kama vile nikeli, kobalti na kromu. Inashikilia kwamba sitiari ya jeshi, ambayo ndiyo tuliyoizoea tunapozungumzia kinga kwa Kiswahili, hueleza nusu tu ya kazi ya mfumo huo. Nusu ya pili, yaani uwezo wa mwili wa kuvumilia kisicho na madhara, imeachwa gizani ilhali ndiyo inayoamua ni nani atakayewashwa na kipuli na ni nani atakayekivaa maisha yake yote bila taabu. Makala inaonyesha kuwa nusu zote mbili zimo tayari ndani ya kitenzi 'kinga', na kwamba kuzitambua kuna manufaa kwa mgonjwa.

1.0 Utangulizi

Msichana akivaa vipuli vya bei nafuu, na baada ya siku mbili ndewe za masikio yake zikavimba, zikawasha na kutoa majimaji, hakosi wa kumpa maelezo. Ataambiwa ana damu chafu, au ameonewa kijicho, au kinga yake ya mwili imepungua. Vivyo hivyo, fundi mwashi ambaye viganja vyake vimepasuka na kufanya ukurutu kwa sababu ya saruji huambiwa kwamba mwili wake umechoka. Ushauri unaofuata aghalabu huwa ni mmoja: atafute kitu cha kuongeza kinga. Basi fedha zitatumika kununua dawa za unga na za maji, na vipuli vitaendelea kuning'inia masikioni.

Ushauri huo hautokani na nia mbaya. Unatokana na jinsi tulivyofundishwa kuielewa kinga, na mafunzo hayo yamo katika lugha. Ndiyo sababu mwanafunzi wa fasihi, ambaye si tabibu, amethubutu kuiandika makala hii. Yatakayoelezwa kuhusu mwili ni yale ambayo wanasayansi wameyachunguza na kuyathibitisha. Mchango wa makala ni kuyapima maneno tunayoyatumia kuyaeleza. Makala itaanza kwa istilahi mbili za msingi, kisha itaeleza namna mzio wa metali unavyozuka, namna mwili unavyouzuia usizuke, na mwisho maana ya hayo yote kwa mgonjwa.

2.0 Istilahi za Msingi: 'Mzio' na 'Kinga'

Neno 'mzio' halikuletwa na hospitali. Katika matumizi ya zamani, mzio ni kitu ambacho mtu amekatazwa, hasa chakula, kwa sababu ya tiba au mila, na kwa hiyo neno hili ni jirani wa 'mwiko'. Baadaye lilipanuliwa ili lichukue dhana ya kitabibu iliyobuniwa na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, mwaka wa 1906. Yeye aliunda jina la dhana hiyo kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya 'nyingine' na 'kutenda', akiwa na maana ya mwili unaotenda kwa namna tofauti na ilivyotarajiwa. Kwa hivyo, istilahi ya Pirquet hutazama mwili uliobadilika, ilhali neno la Kiswahili hutazama kitu cha kuepukwa. Mitazamo yote miwili ni ya kweli na, kama tutakavyoona, tiba huihitaji yote miwili. Hatari iliyopo ni kwamba harufu ya mwiko haijaliacha neno hili, na mwenye mzio anaweza kudhaniwa kuwa amevunja sharti fulani.

Neno 'kinga' lina historia nzito zaidi. Kwa Wakenya wengi, lilienea pamoja na ugonjwa wa UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, uliotangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Katika kampeni za kuelimisha umma, kinga ilifafanuliwa kwa sitiari ya jeshi: seli nyeupe za damu ni askari, viini vya maradhi ni maadui, na virusi vya ugonjwa ule huwaua askari hao. Kwa ugonjwa uliokusudiwa, sitiari hiyo ilifaa sana na iliokoa maisha. Hata hivyo, sitiari huangaza upande mmoja wa kitu na kuutia kiza upande wa pili. Umma ulibaki na picha ya kinga kama maji mtungini: hitilafu pekee inayoweza kutokea ni kupungua, na kila ikiongezwa ni heri.

Kitenzi chenyewe kina mawanda mapana kuliko picha hiyo. Mtu aliye chini ya mwavuli huwa anaikinga mvua isimpate. Mtu aliyetega ndoo chini ya michirizi ya paa huwa anakinga maji ya mvua hiyo hiyo. Mvua ni moja na kitenzi ni kimoja, lakini tendo la kwanza ni kuzuia na la pili ni kupokea. Hoja ya makala hii ni kwamba mfumo wa kinga hufanya yote mawili, na kwamba mzio wa metali hauzuki kwa sababu wa kwanza umedhoofika bali kwa sababu wa pili umeshindwa.

3.0 Jinsi Mzio wa Metali Unavyozuka

3.1 Kutoka kipuli hadi ioni

Metali iliyo ngumu na nzima haiusumbui mfumo wa kinga. Kinachousumbua ni chembe zake zilizoyeyuka. Jasho, kwa chumvi yake, huila metali polepole na kuachilia ioni ambazo hupenya tabaka la juu la ngozi. Tundu la sikio lililotobolewa karibuni ni mlango ulio wazi zaidi, maana hapo metali hugusana na nyama na majimaji ya mwili moja kwa moja. Hii ndiyo sababu kuu inayoufanya mzio wa nikeli uwapate wanawake wengi kuliko wanaume.

Ioni ya nikeli ni ndogo mno kutambuliwa na mfumo wa kinga ikiwa peke yake. Lakini ikijishikiza kwenye protini za mwili wenyewe, huzibadilisha sura. Vitu vidogo vya namna hii, ambavyo huchochea kinga baada tu ya kujibandika kwenye protini, huitwa hapteni, na Karl Landsteiner ni mmoja wa wanasayansi walioiweka wazi dhana hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Seli maalumu zilizotanda ndani ya ngozi, zikiwemo seli za Langerhans, huiokota protini iliyobadilika, husafiri nayo hadi kwenye tezi za limfu zilizo karibu, na huko huionyesha kwa seli T.

3.2 Vijinga viwili

Seli T haiwaki kwa kuonyeshwa kitu kigeni tu. Inahitaji ishara ya pili, ishara ya hatari, inayoithibitishia kwamba kitu hicho kimekuja na madhara. Wahenga walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga wanayoikusudia ni kijinga cha moto, neno jingine kabisa lenye umbo hilo hilo, lakini kanuni yao ndiyo inayotawala hapa. Kijinga kimoja hakiwaki peke yake.

Kwa kawaida ishara ya pili hutoka kwa bakteria. Juu ya seli za kinga kuna kipokezi kiitwacho TLR4, ambacho kazi yake ni kunusa sumu iliyo kwenye maganda ya aina fulani za bakteria. Mwaka wa 2010, watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba nikeli hukihadaa kipokezi hiki. Ioni zake hushikana na sehemu mahsusi za TLR4 ya binadamu na kukiamsha kana kwamba bakteria wameingia. TLR4 ya panya haina sehemu hizo, na ndiyo maana panya wa kawaida hawapati mzio wa nikeli kwa urahisi. Walipopewa TLR4 ya binadamu, waliupata. Kobalti nayo huamsha kipokezi hicho hicho. Nikeli basi huja na vijinga vyote viwili mkononi: hubadilisha protini, na papo hapo hupiga mbiu ya hatari.

3.3 Awamu mbili

Mzio huu huwa na awamu mbili. Awamu ya kwanza ni ya kujifunza. Seli T zinazoitambua nikeli huongezeka tezini na baadhi yake hugeuka kuwa seli za kumbukumbu. Awamu hii huchukua takriban siku kumi hadi wiki kadhaa, na mtu hahisi chochote. Wengine huvaa metali miaka mingi kabla ya awamu hii kutukia. Kwa hiyo kauli ya 'nimekivaa siku zote wala hakijanidhuru' haithibitishi kitu.

Awamu ya pili ni ya kutenda. Metali ikirudi, seli za kumbukumbu huifikia na kutoa kemikali za mawasiliano ziitwazo saitokini, mojawapo ikiwa interferoni-gama. Saitokini huita seli nyingine, mishipa ya damu hupanuka, na ngozi huvimba, huwasha na kufanya malengelenge madogo. Haya hudhihirika baada ya siku moja hadi tatu.

Kuchelewa huku ndiko kunakoutofautisha mzio wa metali na ule wa karanga au wa sumu ya nyuki, ambao huzuka kwa dakika chache na kuendeshwa na kingamwili zilizo kwenye damu. Mnamo mwaka wa 1942, Landsteiner na Merrill Chase walionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba mzio wa ngozi wa aina hii huhamishwa kutoka mnyama mmoja hadi mwingine kwa seli hai, si kwa majimaji ya damu. Mwaka wa 1963, Philip Gell na Robin Coombs waliigawa mizio katika aina nne, na huu wa kuchelewa ukawa aina ya nne.

4.0 Jinsi Mwili Unavyoudhibiti Mzio

4.1 Swali la wasiowashwa

Hadi hapa sitiari ya jeshi bado inajitosheleza: adui ameingia, mbiu imepigwa, askari wametoka. Inapokwama ni kwenye swali lifuatalo. Kila mtu hugusa nikeli kila siku. Imo katika funguo, zipu na vifungo vya suruali za jinzi, na hata katika vyakula kama vile maharagwe, njugu na kakao. Ikiwa nikeli hupiga mbiu ya hatari mwilini mwa binadamu yeyote, kwa nini walio wengi hawawashwi?

Jibu linaloelekea kukubalika upesi ni kwamba wasiowashwa hawana seli T zinazoitambua nikeli. Jibu hilo si sahihi. Mwaka wa 2003, watafiti wa Italia walichukua damu ya watu wasio na mzio na kuondoa humo kundi dogo la seli T zenye alama iitwayo CD25. Seli T zilizobaki, ambazo awali zilikuwa zimetulia, sasa ziliamka kwa nguvu zilipokutanishwa na nikeli. Maana yake ni kwamba askari walikuwapo siku zote, ila walikuwa wamezuiliwa. Na kwa upande wa watu wenye mzio, seli zenye alama hiyo zilionekana kuwa na uwezo mdogo wa kuwazuia wenzao, au kutokuwa nao kabisa.

Matokeo haya yanapindua dhana nzima. Utulivu wa ngozi isiyowashwa hautokani na ukosefu wa walinzi wala na uzembe wao. Ni kazi inayofanywa kila siku na seli zilizoteuliwa kwa kazi hiyo.

4.2 Seli dhibiti

Seli hizo, ambazo makala hii inaziita seli dhibiti, zilibainishwa na Shimon Sakaguchi wa Japani mwaka wa 1995 kupitia utafiti wa panya. Mwaka wa 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani waligundua jeni iitwayo FOXP3, ambayo ikiharibika, panya na watoto wa binadamu hushambuliwa na kinga yao wenyewe. Baadaye ilidhihirika kuwa jeni hiyo ndiyo inayoongoza uundwaji wa seli dhibiti. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka wa 2025.

Seli dhibiti hufanya kazi kwa njia kadhaa. Kwanza, hutoa saitokini za kutuliza, mathalani ile iitwayo IL-10, ambazo huzipunguzia ari seli nyingine. Pili, hutumia molekuli iitwayo CTLA-4 kuzipokonya seli zinazoonyesha hapteni zile ishara za kuchochea. Yaani, huuondoa mmoja kati ya vile vijinga viwili. Tatu, hunyonya IL-2, saitokini ambayo seli T za mashambulizi huitegemea ili ziongezeke. Aidha, hata kwa mwenye mzio kazi yao haikomi. Uvimbe unapofikia kilele kisha ukapungua, kupungua huko ni sehemu ya kazi ya udhibiti. Hata hivyo, baadhi ya seli za kumbukumbu husalia ngozini mahali pale pale, na ndiyo sababu sehemu iliyowahi kuwashwa huwa nyepesi kuwashwa tena.

4.3 Njia ambayo metali ilipitia

Je, mwili hujifunzaje kuivumilia metali? Sehemu ya jibu imo katika njia ambayo metali ilipitia mara ya kwanza. Utumbo hupokea vitu vigeni kila mlo, na seli za kinga zilizoko huko zina mwelekeo wa kufunza uvumilivu. Mwaka wa 1991, uchunguzi uliofanywa katika kliniki kadhaa za Ulaya, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 2,000, ulionyesha kwamba waliowahi kufungwa nyaya za kunyoosha meno kabla ya kutobolewa masikio walikuwa na mzio wa nikeli kwa uchache kuliko waliotobolewa kwanza. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba nyaya hizo ziliachilia nikeli kidogo kidogo kinywani, mwili ukaizoea kwa njia ya tumbo kabla ya kukutana nayo kwenye jeraha. Majaribio ya panya waliopewa maji ya kunywa yenye nikeli yaliunga mkono maelezo hayo.

Jambo hili lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kuwalisha watoto metali. Funzo lake ni kwamba kitu kile kile kikipitia mdomoni chaweza kupokewa, na kikipitia kwenye kidonda chaweza kupigwa vita. Hapa ndipo kukinga mvua na kukinga maji ya mvua kunapokutana.

5.0 Maana Yake kwa Mgonjwa

Kwanza, mwenye mzio wa metali hana upungufu wa kinga, na kuongezewa kinga hakumfai. Malai ambazo daktari humwandikia, nyingi zikiwa na steroidi, kazi yake ni kuituliza kinga. Malai hizo zisinunuliwe na kupakwa kiholela, maana zikitumiwa muda mrefu hufanya ngozi kuwa nyembamba.

Pili, mzio huu una kipimo chake. Asili yake ni kazi ya Josef Jadassohn, daktari wa ngozi aliyewasilisha njia hiyo mjini Graz mwaka wa 1895. Siku hizi nikeli salfeti ya asilimia 5, iliyochanganywa na vaselini, hubandikwa mgongoni kwa saa 48. Kibandiko kikiondolewa, ngozi hukaguliwa, kisha hukaguliwa tena baada ya siku moja au mbili, na ikiwezekana siku ya saba. Mgonjwa anayeelewa kuwa mzio huu ni wa kuchelewa hatashangaa kuambiwa arudi.

Tatu, hakuna tiba iliyothibitishwa ya kuufuta mzio huu moja kwa moja. Dawa kuu ni kuepuka, na hapa maana kongwe ya 'mzio' inatufaa kuliko maelezo marefu: ni kitu chako cha kujinyima. Vipuli vya titani ni salama. Fedha halisi kwa kawaida huchanganywa na shaba nyekundu na haileti taabu, lakini metali iitwayo 'fedha ya Kijerumani' haina fedha hata chembe. Ni shaba nyekundu, zinki na nikeli. Kifungo cha suruali kinachogusa kitovu chaweza kufunikwa kwa kitambaa. Kwa fundi mwashi, adui ni kromu iliyoyeyuka katika saruji mbichi. Si kila ukurutu wa saruji ni mzio, kwa kuwa alkali yake huchoma ngozi ya yeyote, na ni kipimo kitakachoamua. Kwa hali zote mbili, glavu zisizopenya maji na kunawa mapema ni kinga ya maana ya kwanza.

Nne, kuzuia huwezekana hata kabla ya mtu kuugua. Denmark iliweka sheria ya kupunguza nikeli katika vito mwaka wa 1990, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa sheria ya mwaka 1994 iliyoanza kutekelezwa kikamilifu mwaka wa 2001. Chunguzi zilizofuata nchini Denmark zilionyesha kwamba mzio wa nikeli ulipungua miongoni mwa wanawake wachanga. Nchi hiyo hiyo ilianza kutia salfeti ya chuma katika saruji mapema miaka ya 1980 ili kuidhoofisha kromu, na tangu mwaka wa 2005 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 2 za kromu hiyo kwa kila kilo ya saruji. Masikio ya wasichana na viganja vya mafundi vilikingwa kiwandani, kabla hata havijafika kwa daktari.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mzio wa metali huhitaji mambo mawili: metali inayobadilisha protini na kupiga mbiu ya hatari, na udhibiti uliolegea. La kwanza linaelezeka kwa sitiari ya askari. La pili halielezeki kwa sitiari hiyo, kwani jeshi lisilopigana huonekana kuwa limeshindwa, ilhali mwilini kutopigana mara nyingi ndiyo kazi yenyewe.

Hatupendekezi kwamba sitiari ya askari itupwe. Tunapendekeza ipewe mwenzake. Kila kijiji kina walinzi, na kina pia wazee wanaomtazama mgeni mlangoni na kusema 'mwacheni apite'. Mwalimu wa sayansi, mtangazaji wa redio au mhudumu wa afya anayeeleza kinga kwa Kiswahili na awataje wote wawili. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tusingoje istilahi zitufikie zikiwa zimekwisha kuundwa. Tuzisome, tuzipime na tuulize zinaficha nini. Msichana aliyevimba masikio akiambiwa kwamba mwili wake si dhaifu, bali umekosa kuivumilia metali moja ambayo anaweza kuiepuka, atavua vipuli vile na kuziweka fedha zake kibindoni.